Mbawakawa na Rais Jukwaa Moja: Je, Tuzo za Ig Nobel Huiheshimu Sayansi au Huikejeli?

Mwalimu mmoja wa sayansi katika shule ya sekondari ameniandikia hivi: "Wanafunzi wangu walisoma kwamba mwaka 2013, usiku mmoja na jukwaa moja, Tuzo ya Ig Nobel walipewa watafiti waliowavisha kofia mbawakawa wanaoviringisha mavi, na pia Rais Alexander Lukashenko wa Belarus kwa kupiga marufuku kupiga makofi hadharani. Nusu ya darasa walisema habari yote ni uzushi. Nusu nyingine walikubali kwamba ni kweli, lakini wakaniuliza: ikiwa tuzo hiyo inamkejeli rais, je, haiwakejeli na watafiti? Na kama inawaheshimu watafiti, rais anatafuta nini hapo? Sikuwa na jibu. Naomba unisaidie."

Mwalimu, waliosema ni kweli wamepatia, na walioona uzushi hawastahili lawama, kwa sababu taarifa za namna hii huandikwa makusudi zionekane haziwezekani. Jibu langu kwa swali lenyewe ni kwamba tuzo hiyo inawaheshimu watafiti na inawakejeli watawala, na inafanya yote mawili kwa njia moja, yaani kulitaja tendo la kweli kwa lugha rasmi na kisha kunyamaza. Tofauti inajitokeza pale msikilizaji anapomaliza kucheka na kuanza kuuliza sababu. Tendo la mtafiti likiulizwa sababu yake huzidi kupata maana, ilhali tendo la mtawala likiulizwa sababu yake huzidi kumwaibisha aliyelitenda. Bila mifano kauli hii ni dai tu, kwa hiyo niruhusu niende taratibu.

Tuzo za Ig Nobel zilianzishwa Marekani mwaka 1991 na Marc Abrahams, mhariri wa jarida la Annals of Improbable Research, ambalo ndilo linalozisimamia hadi leo. Hapo mwanzo zilitajwa kuwa za uvumbuzi usioweza au usiopaswa kurudiwa, na baadaye lengo likaelezwa kwa upole zaidi, kwamba ni kwa kazi zinazowafanya watu wacheke kwanza na kisha wafikiri. Kwa miaka mingi hafla ilifanyika katika ukumbi wa Sanders Theatre wa Chuo Kikuu cha Harvard, na wanaokabidhi tuzo ni washindi halisi wa Tuzo ya Nobel. Watazamaji hurusha ndege za karatasi jukwaani, na kwa muda mrefu aliyezifagia alikuwa Roy Glauber, mwanafizikia wa Harvard ambaye mwenyewe alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Mshindi akirefusha hotuba, msichana mdogo wa miaka 8 husimama mbele yake na kumwambia, tena na tena, kwamba amechoka kusikiliza na tafadhali aache. Nimeyataja haya kwa sababu yanajibu sehemu ya swali lako: watu waliofika kilele cha taaluma yao wasingekubali kushika ufagio mwaka baada ya mwaka katika hafla iliyokusudiwa kuidharau taaluma hiyo hiyo.

Tuanze na mbawakawa. Mdudu huyu akilifikia rundo la mavi hukata sehemu yake, huifinyanga kuwa donge, kisha hulisukuma donge hilo kinyumenyume, kichwa chini, akitumia miguu ya nyuma. Ana haraka, kwa sababu mbawakawa wengine waliochelewa hupendelea kunyang'anya donge lililokwisha kutengenezwa kuliko kujitengenezea lao. Usalama wake umo katika kwenda mstari mnyoofu, maana akipinda kidogo kidogo mwishowe atajikuta amerudi kwenye rundo lenye wanyang'anyi. Ilikuwa imekwisha kujulikana kwamba mchana hujiongoza kwa jua na usiku kwa mwanga wa mwezi. Kilichobaki kuwa kitendawili ni kwamba hata usiku usio na mwezi aliendelea kunyoosha njia.

Marie Dacke, Eric Warrant, Marcus Byrne na wenzao walifanya jambo ambalo wanafunzi wako wamelicheka: waliwavisha baadhi ya mbawakawa vikofia vya karatasi ngumu nyeusi ili wasione anga, na mbawakawa hao wakapoteza mwelekeo. Lakini je, hawakupotea kwa sababu tu ya kubebeshwa kitu kigeni kichwani? Ili kuondoa shaka hiyo, watafiti waliwavisha wengine vikofia vinavyopitisha mwanga, na hawa hawakupotea. Hatua iliyofuata ilikuwa kuwaingiza mbawakawa katika jumba la kuonyeshea nyota jijini Johannesburg, ambamo mwanga wa nyota unaweza kuwashwa na kuzimwa kwa kiasi kinachotakiwa. Ilipowashwa Njia Nyeupe pekee, ule mkanda hafifu wa nyota unaokatiza anga, mbawakawa walikwenda karibu kwa unyoofu ule ule kama walipokuwa chini ya anga kamili. Ikawa mara ya kwanza kuthibitishwa kwamba kuna mnyama anayejiongoza kwa Njia Nyeupe.

Mwalimu, ningependa usimame hapa kwa muda mrefu utakapokuwa darasani. Kile kikofia ndicho kinachochekesha, na kile kile ndicho kinachothibitisha. Mwanafunzi akielewa kwa nini kilihitajika kikofia cha pili, chenye kupitisha mwanga, atakuwa ameelewa maana ya kundi la kulinganishia katika jaribio kuliko atakavyoielewa kwa kukariri ufafanuzi wa kitabu. Hivi ndivyo ilivyo katika sehemu kubwa ya tuzo hizi: jambo linaloonekana la kipuuzi, ukilichunguza, ni uangalifu wa mtu aliyekataa kukisia.

Mfano mwingine una ushahidi ulio wazi zaidi. Mwaka 2000 Andre Geim na Michael Berry walipewa Ig Nobel ya fizikia kwa kumwelesha chura hewani kwa nguvu ya sumaku. Chura yule alikuwa hai na hakudhurika. Maji, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mwili wake, husukumwa na sumaku, lakini kwa nguvu ndogo mno kiasi kwamba katika maisha ya kawaida haionekani kabisa. Inahitajika sumaku ya takriban tesla 16, yenye nguvu mara laki kadhaa kuliko ile ya dunia, ili msukumo huo ushinde uzito wa chura. Watu wengi, wakiwemo waliosoma fizikia, hawakuamini kwamba jambo hilo linawezekana, na picha ya chura aeleaye ilifundisha kwa dakika moja somo ambalo milinganyo ilikuwa haijalifikisha. Miaka 10 baadaye, mwaka 2010, Geim huyo huyo alipata Tuzo ya Nobel pamoja na Konstantin Novoselov kwa kazi yao juu ya grafini, utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, ambao waliupata kwa kubandua tabaka za grafiti kwa utepe wa kawaida wa gundi. Tabia ya kujaribu mambo ambayo wenzake waliyaona hayafai kujaribiwa ndiyo iliyozaa chura, na ndiyo iliyozaa grafini.

Ninaupenda pia mfano wa mbu, kwa sababu unagusa maisha na vifo. Mwaka 2006 Bart Knols na Ruurd de Jong walitunukiwa kwa kuonyesha kwamba mbu jike wa malaria aina ya Anopheles gambiae huvutiwa na harufu ya jibini la Limburger sawasawa na anavyovutiwa na harufu ya nyayo za binadamu. Ukiishia hapo utacheka na kwenda zako. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa kwamba mbu huyo hupendelea kuuma miguuni, na kwamba bakteria wanaolipa jibini hilo harufu yake ni jamaa wa karibu wa bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya nyayo zetu. Kwa hiyo harufu inayomwongoza mbu inaweza kutambuliwa, kuchanganywa upya kwa kemikali, na kutumiwa kumtega. Kazi ya namna hiyo iliendelea. Mwaka 2010 watafiti waliofanya majaribio yao Tanzania, Fredros Okumu akiwa miongoni mwao, walichapisha matokeo ya mchanganyiko wa kemikali ambao, ukiwekwa katika kibanda chake peke yake, uliwavuta mbu wengi kuliko binadamu aliyelala katika kibanda kingine. Hapo kicheko cha jibini kimekwisha kusahaulika, na kilichobaki ni mtego.

Sasa nirudi kwa rais. Mwaka 2011 Belarus ilikuwa katika msukosuko wa kiuchumi, na wananchi waliojua kwamba kubeba bango kungewapeleka jela waliamua kukusanyika viwanjani na kupiga makofi tu, bila wimbo, bila kaulimbiu. Polisi waliwakamata. Tuzo ya amani ya mwaka 2013 ikatolewa kwa Lukashenko kwa kuharamisha makofi hadharani, na kwa polisi wa nchi yake kwa kumkamata mtu mwenye mkono mmoja kwa kosa hilo la kupiga makofi. Fanya hapa kile ulichofanya kwa mbawakawa: uliza sababu. Kadiri unavyojua zaidi, ndivyo tendo linavyozidi kuwa baya. Mtu asiye na bango, asiyesema neno, na katika kisa kimoja asiye hata na mkono wa pili wa kupigia makofi, anaonekana kuwa tishio kwa dola yenye jeshi na magereza. Hakuna kikofia cha pili kitakachogeuza maana ya jambo hili. Kicheko kimefika mwisho wa safari yake, na baada yake kinafuata huzuni, kwa sababu waliokamatwa walilala mahabusu kweli.

Hiyo ndiyo kazi ya zamani ya tashtiti, yaani kukosoa kwa kejeli, na Ig Nobel imeitumia tangu miaka yake ya kwanza. Mwaka 1996 tuzo ya amani ilikwenda kwa Rais Jacques Chirac wa Ufaransa kwa kuadhimisha miaka 50 ya Hiroshima kwa majaribio ya mabomu ya atomu katika Bahari ya Pasifiki. Kweli, Ufaransa ilianza tena majaribio hayo mwezi Septemba 1995, wiki chache tu baada ya kumbukumbu hiyo. Mwaka 1998 ilikwenda kwa Waziri Mkuu Atal Bihari Vajpayee wa India na mwenzake Nawaz Sharif wa Pakistan, kwa milipuko ya nyuklia iliyosifiwa kuwa ya amani kwa ukali. Anayekumbuka kwamba India yenyewe iliuita mlipuko wake wa mwaka 1974 kuwa wa amani ataona kwamba waandaaji hawakuhitaji kubuni kitu. Walichukua msamiati wa watawala wakawarudishia.

Kwa upande wa watawala, mfano ambao ninaufikiria zaidi ni wa Zimbabwe. Mwaka 2009 Gideon Gono, aliyekuwa gavana wa Benki Kuu ya nchi hiyo, alipewa tuzo ya hisabati kwa kuwapa wananchi njia rahisi ya kila siku ya kuzoea namba za kila ukubwa, kwa kuchapisha noti kuanzia senti moja hadi dola trilioni 100. Mfumuko wa bei uliotangazwa rasmi mwezi Julai 2008 ulipita asilimia milioni 231 kwa mwaka. Tashtiti hii ni sahihi kabisa katika kumlenga aliyechapisha noti. Hata hivyo, noti ya dola trilioni 10 ya nchi hiyo ikaja kuwa zawadi wanayopewa washindi wa Ig Nobel, na hapo nina maoni tofauti na ya waandaaji. Noti ile, kwa mtu aliyeweka akiba ya maisha yake yote na kuiona ikiyeyuka katika miezi michache, ni hati ya msiba. Kuionyesha pembeni ya jina la gavana ni kumhukumu gavana. Kuigawa jukwaani kila mwaka, muktadha wake ukiwa umesahaulika, ni kumcheka asiye na hatia. Darasani kwako ningependa wanafunzi waambiwe kwanza habari ya akiba zilizopotea, na baadaye ndiyo waonyeshwe sifuri.

Kuna tuzo nyingine ya kisiasa ambayo naiona ilikosa makali. Mwaka 2020, katika janga la Covid-19, tuzo iliyoitwa ya elimu ya tiba ilitolewa kwa viongozi 9 kwa pamoja: wa Brazil, Uingereza, India, Mexico, Belarus, Marekani, Uturuki, Urusi na Turkmenistan, kwa kuufundisha ulimwengu kwamba wanasiasa wanaweza kuathiri uhai na kifo kwa haraka kuliko wanasayansi na madaktari. Sentensi yenyewe ni ya kweli na inachoma. Tatizo ni kwamba kapu lilijazwa watu waliotenda mambo tofauti. Jair Bolsonaro aliuita ugonjwa huo mafua madogo. Lukashenko alizungumzia vodka na trekta kana kwamba ni dawa yake. Boris Johnson, mwanzoni mwa mwezi Machi, alijigamba kwamba anaendelea kupeana mikono na watu. Narendra Modi alifanya kinyume: alifunga nchi nzima kwa taarifa ya takriban saa 4, na wafanyakazi wahamiaji wakajikuta barabarani wakitembea kwa miguu kurudi makwao. Kupuuza na kukurupuka ni makosa mawili yasiyofanana, na yanahitaji masahihisho yasiyofanana. Tashtiti inayotaja tendo moja la mtu mmoja, kama ile ya makofi, haimwachii mtu huyo pa kujificha. Inayotaja watu 9 kwa kosa la jumla inampa kila mmoja wao nafasi ya kusema kwamba waliokusudiwa ni wale wengine 8.

Nadhani umeshaona kwa nini swali la wanafunzi wako lina uzito kuliko wanavyojua. Hatari kubwa haiko kwa rais anayechekwa pamoja na watafiti. Iko pale mwanasiasa anapokichukua kicheko kile cha mbawakawa na kukigeuza silaha dhidi ya watafiti wenyewe, na hilo limekwisha kutokea. Kuanzia mwaka 1975 hadi 1988, Seneta William Proxmire wa jimbo la Wisconsin, Marekani, alitoa kila mwezi tuzo ya kebehi aliyoiita Ngozi ya Dhahabu, kwa matumizi ya fedha za umma aliyoyaona kuwa ya ovyo. Baadhi ya shabaha zake zilistahili. Lakini ya kwanza kabisa ililenga utafiti wa dola 84,000 juu ya sababu za watu kupendana, na muda si muda ikafika zamu ya mtafiti Ronald Hutchinson, aliyechunguza namna nyani wanavyokaza mataya wanapokuwa katika dhiki. Seneta aliwaambia watu kuhusu mataya. Hakuwaeleza kwa uzito ule ule kwamba waliolipia utafiti huo, wakiwemo shirika la anga la NASA na jeshi la wanamaji, walitaka kujua ni nini huwapata viumbe wanaofungiwa pamoja mahali finyu kwa muda mrefu, jambo lenye maana kubwa kwa watu walio ndani ya chombo cha angani au chini ya bahari.

Hutchinson alikwenda mahakamani. Mwaka 1979 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kwamba kinga ya mbunge kwa maneno anayoyasema bungeni haifuniki jarida na taarifa anazowasambazia wananchi, na shauri likaisha kwa seneta kulipa dola 10,000 na kuomba radhi. Lakini madhara ya aina hii hayapimwi kwa dola hizo. Mtafiti kijana anayejua kwamba kichwa cha utafiti wake kinaweza kusomwa kwa sauti ya dhihaka na mtu mwenye mamlaka juu ya bajeti atachagua swali salama, na mara nyingi swali salama ni lile ambalo jibu lake linajulikana tayari.

Kuna kisa cha nzi ambacho kinapaswa kusimuliwa kila mara hoja hii inapoibuka. Edward Knipling na Raymond Bushland walitumia miaka mingi kuchunguza maisha ya kujamiiana ya nzi mmoja wa Amerika ambaye funza wake hula nyama ya mnyama akiwa bado hai. Waligundua kwamba jike wa nzi huyo kwa kawaida hujamiiana mara moja tu maishani, na wakajiuliza: itakuwaje tukizalisha madume kwa wingi, tukayafanya tasa kwa mionzi, kisha tukayaachia? Mwaka 1954 njia hiyo ilijaribiwa katika kisiwa cha Curaçao na nzi akatoweka. Kufikia mwaka 1966 Marekani ilitangaza kwamba imemtokomeza ndani ya mipaka yake. Njia hiyo hiyo ndiyo iliyosaidia kuwamaliza mbung'o katika kisiwa cha Unguja, ushindi uliotangazwa mwaka 1997. Ni rahisi mno kumsimamisha mtu jukwaani akawauliza wapiga kura kama wanataka kodi yao igharimie mapenzi ya nzi. Kwa sababu ya urahisi huo, mwaka 2012 baadhi ya wabunge wa Marekani, Jim Cooper wa Tennessee akiwa mstari wa mbele, walisaidia kuanzisha tuzo inayoitwa Bata Bukini wa Dhahabu, kwa tafiti zilizoonekana za ajabu na baadaye zikaleta manufaa makubwa. Mwaka 2016 utafiti wa nzi huyo ulikuwa miongoni mwa zilizotunukiwa.

Waandaaji wa Ig Nobel wenyewe waliwahi kukabiliwa na lawama kama hiyo. Mwaka 1995 wanasayansi wa Uingereza walipewa tuzo kwa kuchunguza namna vipande vya nafaka ya kifungua kinywa vinavyolowa, na Robert May, aliyekuwa mshauri mkuu wa sayansi wa serikali ya nchi hiyo, akaomba Waingereza wasipewe tena tuzo hizo, kwa hofu kwamba umma utaicheka kazi halali. Hofu yake naielewa, lakini dawa aliyoipendekeza siikubali. Mtafiti anayechaguliwa kwa kawaida huulizwa kwanza faraghani kama anaitaka tuzo, naye akikataa haitangazwi. Anayekubali hupata nafasi ya kusimama na kueleza alichokuwa akikitafuta. Hutchinson hakuulizwa. Ukitaka kujua kama kicheko fulani kinaheshimu au kinadhalilisha, angalia kama anayechekwa ana nafasi ya kujibu, na angalia pia nani kati ya wawili hao ana mamlaka juu ya mwenzake. Mtawala ana redio, bunge na polisi, kwa hiyo hapungukiwi nafasi ya kujibu. Kuna hata aliyekuja mwenyewe: Arturas Zuokas, aliyekuwa meya wa Vilnius, mji mkuu wa Lithuania, alihudhuria hafla ya mwaka 2011 kupokea tuzo ya amani aliyopewa kwa kuonyesha kwamba tatizo la magari ya kifahari yanayoegeshwa kinyume cha sheria linaweza kumalizwa kwa kuyakanyaga kwa gari la deraya.

Jambo moja la tahadhari kabla hujaliingiza somo hili darasani. Zipo tuzo ambamo siasa na sayansi zimefungwa pamoja, na humo ndimo kicheko huweza kupotosha kwa urahisi. Mwaka 2021 tuzo ya uchumi ilikwenda kwa Pavlo Blavatskyy, ambaye alichukua picha za mawaziri 299 wa nchi 15 zilizokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti, wa mwaka 2017, akatumia programu ya kompyuta kukadiria unene wao kwa kutazama nyuso, kisha akalinganisha unene wa kati wa baraza la kila nchi na vipimo vya rushwa vinavyotumika kimataifa. Uhusiano ulionekana: penye mawaziri wanene zaidi, kwa jumla, rushwa ilipimwa kuwa kubwa zaidi. Wanafunzi watakimbilia kumtaja waziri fulani mnene wanayemjua. Wazuie hapo hapo. Matokeo yanahusu baraza zima na kundi moja la nchi zenye historia inayofanana. Hayasemi lolote juu ya mtu mmoja, wala hayasemi kwamba unene huleta rushwa au rushwa huleta unene. Thamani ya utafiti imo katika wazo kwamba jambo linalofichwa, kama hongo, huenda likaacha alama mahali ambapo hakuna aliyefikiria kulificha.

Wanafunzi wako wakiuliza kama wao wenyewe wanaweza kumpendekeza mtu, jibu ni ndiyo: mtu yeyote anaruhusiwa kutuma pendekezo, na waandaaji hupokea maelfu kila mwaka. Ningewapa zoezi hilo kama kazi ya wiki moja, wagawanyike makundi mawili, moja lipendekeze mtafiti na jingine lipendekeze mtawala wa nchi yoyote. Kila kundi liandike sentensi moja tu ya sifa, isiyo na neno lolote la kubuni, na chini yake lieleze tendo lenyewe lilifanyika lini, wapi, na limethibitishwa na nani. Kundi la mtafiti liongeze aya moja ya kueleza swali alilokuwa akilijibu. Kundi la mtawala liongeze aya moja ya kueleza nani aliumizwa na tendo lile.